Mechi Ni Moja, Mbona Kwangu Haionyeshi? Jinsi Haki za Matangazo ya Soka Zinavyogawanywa

Tarehe 4 Januari 2026 Taifa Stars ilishuka dimbani Rabat kuvaana na wenyeji Morocco katika hatua ya 16 bora ya AFCON. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kuvuka makundi ya michuano hiyo, na safari ikaishia pale kwa kipigo cha 1-0. Watanzania waliitafuta mechi ile popote walipo duniani. Aliyekuwa London aliiona bila kulipia kifurushi chochote, kwa kuwa Channel 4 ilikuwa imechukua michuano yote. Aliyekuwa Muscat, Oman, alihitaji beIN Sports, tena kwa kulipia. Aliyekuwa Minneapolis naye alihitaji beIN Sports, lakini si ile ya Muscat: mmiliki ni mmoja, ila akaunti ni nyingine, malipo ni mengine, na ya huku haifunguki kule. Kwenye magrupu ya familia swali likawa lile lile ambalo huzuka kila mashindano yakianza: mbona kwako ipo na kwangu haipo?

Watu wengi hujijibu kwamba ni roho mbaya ya kampuni fulani, au hitilafu ya dishi, au kwamba nchi tajiri huwapa watu wake mpira bure. Majibu hayo yote yanakosea shabaha. Ukishajua kinachouzwa ni nini na kinavyokatwa, hutahangaika tena dakika ya tano ya mchezo ukibonyeza rimoti huku na huko.

Tuanze na maneno matatu. Haki za matangazo ni ruhusa ya kuonyesha mechi, na ruhusa hiyo ni mali ya mwenye mashindano: FIFA kwa Kombe la Dunia, CAF kwa AFCON na CHAN (ile ya wachezaji wa ligi za ndani), UEFA kwa Euro. Eneo ni nchi au kundi la nchi ambamo ruhusa hiyo inatumika. Chaneli ya bure ni ile unayoipata kwa antena au king'amuzi bila malipo ya mwezi, na chaneli ya kulipia ni ile inayofungwa kifurushi kikiisha. Kila mkanganyiko unaousikia mtaani unatokana na jinsi mambo haya matatu yanavyokutana.

Ruhusa hiyo ni ya thamani kubwa. Katika kipindi cha miaka minne kilichoishia 2022, FIFA iliingiza takriban dola bilioni 7.6, na karibu bilioni 3.4 kati ya hizo zilitokana na televisheni. Hakuna chanzo kingine kilichoingiza zaidi ya hapo, si tiketi wala wadhamini. Ndiyo maana ruhusa haiuzwi mara moja kwa mtu mmoja. Hukatwa vipande ili kila kipande kipate mteja wake.

Picha zenyewe ni zile zile dunia nzima. Tangu 2002 kazi ya kurekodi Kombe la Dunia hufanywa na kampuni iitwayo HBS kwa niaba ya FIFA. Kamera zake, marudio yake na michoro yake ndiyo huonekana Nairobi, Berlin na Tokyo kwa wakati mmoja. Kituo cha nchi yako huongeza mtangazaji, studio ya uchambuzi na matangazo ya biashara. Kwa hiyo anayesema "kamera za chaneli fulani ni kali kuliko za fulani" anasifia ubora wa kurusha na wa televisheni yake, kwa maana kamera ni za mtu mmoja.

Ugawaji wenyewe ufikirie kama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ni FIFA au CAF. Mpangaji mmoja anaweza kuchukua nyumba nzima, au vyumba viwili tu. Akiruhusiwa na mkataba, anaweza kumpangishia mwingine chumba kimoja. Na hata mpangaji awe tajiri kiasi gani, ufunguo wake haufungui nyumba ya jirani.

Kipande cha kwanza ni nchi, na hicho kinaeleweka kirahisi. Kipande cha pili ni lugha, na hapa ndipo Waswahili wa Kongo hukwama. Afrika kusini ya Sahara kwa kawaida huuzwa kwa mafungu, fungu la Kiingereza na fungu la Kifaransa. Shabiki wa Goma au Lubumbashi anazungumza Kiswahili sawasawa na wa Kigoma, lakini kwenye karatasi za wauzaji yuko pamoja na Dakar na Abidjan. Ushauri wa ndugu yake aliye Mwanza kuhusu chaneli gani ifunguliwe hauwezi kumfaa, hata kama wote wawili wananuia kusikiliza mpira kwa lugha moja. Marekani nako hugawa hivyo hivyo: Kombe la Dunia la 2026 liliuzwa kwa Fox kwa Kiingereza na kwa Telemundo kwa Kihispania.

Kipande cha tatu ni njia: antena, satelaiti, intaneti, simu, redio. Kituo kinaweza kununua televisheni na kisinunue mtandao. Ndipo unapoona mechi ipo kwenye chaneli, ila ukifungua programu ya chaneli ile ile kwenye simu unakuta filamu ya zamani. Simu yako haina ubaya wowote, ni chumba hicho tu hakikupangwa.

Kipande cha nne ni idadi ya mechi, na hiki ndicho huwaudhi watu kuliko vyote. Kombe la Dunia la 2026 lina timu 48 na mechi 104. Ujerumani, vituo vya umma vya ARD na ZDF vilichukua mechi 60, huku MagentaTV, ambayo ni ya kulipia, ikichukua zote. Ufaransa, M6 ambayo ni ya bure ilichukua 54, na beIN ya kulipia zote 104. Kwa hiyo mtu anayekwambia "Ujerumani Kombe la Dunia ni bure" hadanganyi, lakini hajasema lote. Kenya nayo iliyaona hayo mwaka 2022, pale KBC, kituo chake cha umma, ilipoonyesha sehemu tu ya mechi 64 zilizochezwa Qatar.

Sasa tuje kwenye kumpangishia mwingine chumba, maana hapo ndipo taarifa hugeuka siku za mwisho na watu wakadhani wanachezewa. Desemba 2023 MultiChoice, wenye DStv na SuperSport, walitangaza kwamba hawatakuwa na AFCON ya Ivory Coast. Mitandao ililipuka. Kampuni iliyokuwa imeshika haki hizo kusini mwa Sahara ilikuwa New World TV ya Togo, jina ambalo wengi huku kwetu hawakuwahi kulisikia. Siku chache kabla ya mechi ya ufunguzi ya tarehe 13 Januari 2024, pande mbili zikaelewana, na SuperSport ikatangaza kwamba itaonyesha. Waliokuwa wamekimbilia kununua king'amuzi kingine walijikuta na viwili. Tangazo la Desemba lilikuwa kweli na la Januari lilikuwa kweli. Kilichobadilika katikati ni kwamba mwenye chumba alikubali kupangisha. Toka siku ile mimi huwashauri watu wasinunue kifaa kipya kwa sababu ya tangazo la mwezi mmoja kabla, kwa kuwa soko hili hufungwa dakika za lala salama.

Wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la wanawake la 2023, hata Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania hazikuwa na kituo cha kulionyesha. Rais wa FIFA, Gianni Infantino, alikuwa ameona bei zinazotolewa na vituo vya nchi hizo ni ndogo mno, akaonya kwamba huenda asiwauzie. Makubaliano na umoja wa vituo vya umma vya Ulaya yalipatikana Juni, na mashindano yalianza Julai.

Basi kwa nini London ni bure na Muscat ni ya kulipia? Kama ingekuwa utajiri wa nchi, watu wa Ghuba wangekuwa wa kwanza kutazama bure. Tofauti iko kwenye sheria. Uingereza, chini ya Sheria ya Utangazaji ya 1996, ina orodha ya michezo ambayo ni lazima iweze kuonekana kwenye chaneli za bure. Fainali za Kombe la Dunia na za Euro zimo, zote, tangu mechi ya kwanza, na ndiyo maana BBC na ITV huzionyesha. Ujerumani sheria inalinda mechi za timu yao ya taifa, ufunguzi, nusu fainali na fainali. FIFA na UEFA hawakuipenda hali hiyo. Walikwenda mahakamani kupinga orodha za Uingereza na Ubelgiji, wakidai zinapunguza thamani ya mali yao, na Julai 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikawakatalia. Afrika Kusini nayo ina kanuni za namna hiyo, na imeweka Kombe la Dunia na AFCON kwenye orodha ya michezo ya taifa.

AFCON haimo kwenye orodha ya Uingereza. Channel 4 iliinunua kwa hiari yake, kibiashara. Anayeishi huko asitegemee kwamba AFCON ijayo nayo itakuwa bure kwa kuwa iliyopita ilikuwa bure. Na akumbuke kwamba "bure" ya Uingereza ina leseni ya televisheni ndani yake: kaya yoyote inayotazama matangazo ya moja kwa moja hulipa ada hiyo kila mwaka, hata kama haitazami BBC.

Suala la satelaiti huzaa imani nyingi zisizo sahihi. Satelaiti za televisheni hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kutoka kule mawimbi yake hayasimami Namanga wala Mutukula kusubiri muhuri wa uhamiaji. Yanamwagika juu ya nchi nyingi kwa pamoja. Ili kuheshimu mipaka ya mkataba, mrushaji huyafunga kwa siri za kielektroniki, na kadi au king'amuzi chako ndicho hubeba ufunguo. Kuongeza ukubwa wa dishi kunasaidia pale ambapo mawimbi ni hafifu, basi. Hakufungui kilichofungwa.

Hii pia inaeleza kwa nini chaneli ya taifa huonekana vizuri kwa jirani mwenye antena, wakati wewe mwenye dishi unaletewa maandishi kwamba kipindi hiki hakipatikani. Antena hufikia ndani ya nchi, lakini dishi huvuka mpaka, na mkataba wa kituo kile ni wa ndani ya nchi. Kwa hiyo hufungiwa kwa njia ya satelaiti wakati wa mechi, kisha taarifa ya habari inaporudi inafunguliwa. Kabla ya mashindano, antena ya nje ya bei nafuu ni akiba nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Na ving'amuzi vinavyobebwa kutoka nchi moja kwenda nyingine? Kisa maarufu zaidi ni cha Karen Murphy, mama aliyekuwa na baa mjini Portsmouth. Aliona gharama ya kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza kwenye baa ni kubwa mno, akatumia king'amuzi cha Ugiriki ambacho kilikuwa kimelipiwa vizuri tu, ila kwa bei ya Ugiriki. Alishtakiwa, akatiwa hatiani, akapambana hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Oktoba 2011 mahakama ilisema kwamba kumzuia mtu kutumia kadi ya nchi nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya kunavunja uhuru wa soko lao. Lakini ikaongeza jambo ambalo wasimuliaji wengi huliruka: mchezo wenyewe hauna hakimiliki, ila wimbo wa utangulizi, nembo na michoro ya kwenye skrini vinayo, na kuvionyesha mbele ya wateja wa baa kunahitaji ruhusa. Hatia yake ilifutwa mwaka 2012.

Hukumu ile ni ya Ulaya, na inatokana na wao kuwa soko moja. Kwa msingi huo huo, tangu Aprili 2018 mtu aliyejiunga na huduma ya mtandaoni katika nchi moja ya Umoja wa Ulaya anaweza kuitumia akiwa safarini katika nchi nyingine ya umoja huo. Ukitoka Brussels kwenda Paris unasafiri na kifurushi chako. Ukitoka Dar kwenda Dubai husafiri nacho: mkataba ulioutia saini unataja nchi, na kinachoangaliwa ni mahali ulipo siku ile, si pasipoti yako wala mahali ulipolipia. Anayehamia Ghuba au Marekani afunge akaunti ya nyumbani, au awaachie wazee waitumie, kuliko kuilipia bure.

Watu wengi wakifika hapa husema: si kuna VPN? Ni programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya nchi nyingine ili tovuti idhani uko huko. Wakati mwingine inafanya kazi. Lakini kampuni za matangazo huzitambua na kuzizuia, hasa saa ya mechi kubwa, na masharti uliyoyakubali wakati wa kujiunga kwa kawaida yanazikataza. Kisha kuna sheria za nchi uliyopo. Tanzania, Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa kwake. Umoja wa Falme za Kiarabu, kutumia VPN kutenda kosa kuna faini inayoanzia dirham 500,000. Kwa kijana aliyekwenda kutafuta maisha Dubai, hakuna nusu fainali yenye thamani hiyo.

Imani nyingine ni kwamba kilichoko YouTube ni cha wote. Brazil, CazéTV huonyesha Kombe la Dunia bure kwenye YouTube, tena kwa umati mkubwa wa watazamaji. Ukibonyeza ukiwa Arusha utaambiwa video haipatikani katika nchi yako, kwa kuwa haki yao ni ya Brazil. Yapo mashindano yaliyokwenda kinyume na mtindo huu: Kombe la Dunia la Klabu la 2025 DAZN, kampuni ya kurusha michezo mtandaoni, walilinunua kwa dunia nzima na kuruhusu yeyote aliyefungua akaunti kutazama bila malipo. Lile lilikuwa shindano la muundo mpya lililokuwa likitafuta watazamaji. Sitarajii kuona Kombe la Dunia lenyewe likiuzwa hivyo karibuni.

Viungo vinavyosambazwa Telegram, na visanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya "chaneli zote mwaka mzima", navyo vieleweke vilivyo: ni picha zilizochotwa kwa mtu aliyezilipia. Mfano mkubwa wa wizi huu ni beoutQ, iliyochota matangazo ya beIN kuanzia 2017 na kuyarusha upya, likiwemo Kombe la Dunia la 2018, hadi suala likafika Shirika la Biashara Duniani. Kwako wewe hatari ni ya karibu zaidi. Kurasa hizo hukutaka ubonyeze hiki na kile kabla ya kuona mpira, na mojawapo ya vitu hivyo huwa ni programu inayosoma ujumbe wa simu, ule ule unaokuletea namba za siri za pesa mtandao. Wazee wetu ndio hunaswa zaidi, kwa kuwa kiungo wametumiwa na mtoto wanayemwamini.

Hata mtandao halali una upungufu wake wa asili. Picha hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, hupakiwa, husafirishwa, kisha simu yako hukusanya vichache kabla ya kuonyesha. Mwenye antena hushangilia bao kwanza, mwenye dishi hufuata, na mwenye simu anaweza kuchelewa nusu dakika nzima. Bando la gharama haliondoi ucheleweshaji huo wote. Kama umekaa karibu na kibanda umiza, weka simu pembeni ujiunge nao.

Vibanda umiza vinahitaji neno, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba mpira kwa watu wengi wasio na king'amuzi. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kuonyesha mbele ya wateja, baa au bandani, kampuni za kulipia zina mkataba wa biashara wenye bei yake. Kwa Kombe la Dunia FIFA nayo ina kanuni za maonyesho ya hadharani: ukitoza kiingilio au ukiweka mdhamini, inahesabiwa kuwa biashara na inahitaji ruhusa. Mwenye banda anayewekeza kwenye viti na jenereta akaulize hilo mapema, mwezi mmoja kabla, si siku ambayo wakaguzi wamesimama mlangoni.

Kwa msomaji anayetaka tu kuona mpira, kazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nenda kwenye tovuti ya mwenye mashindano, FIFA, CAF au UEFA, utafute orodha ya watangazaji kwa nchi. Tafuta nchi utakayokuwepo, siyo unayotoka. Ukipata majina mawili, uliza kila mmoja ana mechi ngapi na kwa njia gani. Kama ni ya kulipia, uliza mechi zitakuwa kwenye chaneli namba ngapi na kifurushi kipi cha chini kabisa kinachoibeba chaneli hiyo. Mara nyingi si cha juu, na wahudumu hawatakwambia usipouliza.

Kisha saa. Ratiba nyingi za SuperSport huandikwa kwa saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja: ukiona 21:00, kwa Dar, Nairobi na Kampala ni saa nne usiku. Ukiwa Lubumbashi au Bujumbura, 21:00 hiyo ni saa tatu usiku kama ilivyoandikwa. Kwa mechi za Marekani ya 2026, saa tisa alasiri ya New York ni saa nne usiku kwetu, na mechi yao ya saa tatu usiku Jumamosi kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumapili.

Mbele yetu kuna AFCON ya 2027, iliyopewa Kenya, Tanzania na Uganda. Agosti 2025 nchi hizi tatu ziliandaa CHAN pamoja, na watu walijaa Kasarani kwa ajili ya Harambee Stars kiasi kwamba CAF ililazimika kupunguza idadi ya tiketi. Wengi wao hawana kifurushi cha kulipia, na viwanja haviwezi kuwabeba wote. Kodi zao ndizo zinazojenga viwanja hivyo. Wabunge wetu wana mfano wa Afrika Kusini jirani na wa Uingereza, na wizara zetu za michezo ndizo zinazozungumza na CAF kuhusu uenyeji. Kinachopaswa kudaiwa ni kidogo na kinataja mechi: ufunguzi, michezo yote ya timu tatu za nyumbani, nusu fainali na fainali, vionekane TBC, KBC na UBC kwa antena, na viandikwe kwenye mkataba kabla haki hazijauzwa, maana baada ya hapo tutakuwa tukimbembeleza mpangaji.